Vioo Saba Juu ya Ufa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa makarani tu. Kwingine kote aliitwa Nyororo, na jina hilo alilipata kazini, kwa haki yake. Alikuwa fundi wa plasta. Ukuta alioumaliza yeye ungeupitishia kiganja kutoka kona moja hadi nyingine usikute hata chembe ya mchanga ya kukukwaruza. Alikuwa na tabia ya kufumba macho na kuupapasa ukuta kwa mgongo wa vidole, kama mama anayepima homa ya mtoto, na wenzake walimtania kwamba iko siku atapeleka posa kwa ukuta. Alicheka nao. Kisha alikikwangua kile kipande kilichomuudhi, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa amekiona, akaanza upya.

Nayaeleza haya mapema ili mtu asiwe na haraka ya kumlaumu. Kumlaumu kutakuja kwenyewe, na wa kwanza atakuwa yeye.

Nyumba yake aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, siku za mapumziko na jioni baada ya kazi za watu. Mkewe alikuwa akimwagia kuta maji asubuhi na jioni ili saruji isikauke kwa pupa, na mwaka ule wa sebule alikuwa na mimba ya binti yao, tumbo mbele, ndoo kichwani, akimtukana Nyororo kwa kila tone lililomwagika. Mume alikuwa akijibu kwamba maneno makali huifanya saruji ishike vizuri zaidi. Ilikuwa sebule, vyumba viwili na korido. Binti alipoanza shule wakaongeza jiko na chumba cha nyuma.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza, ingawa halikuwa kubwa. Msingi wa jiko aliuchimba wakati wa mvua, juu ya udongo wa kujazia, kwa haraka, na alijua. Miaka miwili baadaye upande ule mpya ukakaa chini kidogo, ukavuta ukuta wa zamani, na ufa ukatokea. Ulianzia juu ya mlango wa jiko, ukateremka koridoni hadi karibu na sakafu, mwembamba kama uzi, lakini ufa.

Hakuuziba. Fundi anayeijua kazi hafuniki ufa ambao bado hajaijua tabia yake. Alifanya kama alivyofundishwa na mwashi mzee aliyemlea kikazi: alikata vipande vya kioo cha dirisha, virefu kama kidole, akavilaza kukingama ufa, kila ncha akaifunga kwa bonge dogo la saruji, na kwenye saruji mbichi akachora tarehe kwa msumari. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, kioo kinapasuka. Kisipopasuka, ufa umelala. Mafundi wa zamani walikiita shahidi. Nyororo aliweka saba.

Mwaka wa kwanza vilipasuka viwili vya juu, akaviondoa na kuweka vingine. Mwaka uliofuata kikapasuka kimoja. Baada ya hapo, hakuna. Mvua zikaja na kwenda, jua likawaka, barabara ya mbele ikatengenezwa kwa mashine zilizotikisa vikombe kabatini, na vioo vikabaki vizima. Miaka kumi na minne. Mkewe alivipangusa kwa kitambaa kila alipofagia. Wageni wakiuliza kama ni dawa ya wezi, mama huyo aliwaambia hao ni walinzi wake, hawali, hawalali, wala hawaombi ruhusa ya kwenda kwao.

Nyororo hakupenda mzaha huo. Fundi mwenzake akija kumtembelea, alimkalisha sebuleni na hakumwacha aende zaidi ya hapo, hata maji ya kunywa akayafuata mwenyewe jikoni. Alikuwa anaona aibu, na tulitaje neno lenyewe. Mtu anayesifiwa mji mzima kwa kuta zake alikuwa na ufa nyumbani, na umewekewa viraka vya vioo ili kila mtu auone.

Kisha mkewe akaugua figo. Ikawa lazima asafishwe damu mara tatu kwa wiki, katika mji mkubwa, saa tatu za basi kwenda na saa tatu kurudi. Alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Katika miezi minane akawa mtu wa kushikwa mkono. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba safari zitammaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Wahamie karibu. Binti yao alikuwa akiishi huko, lakini katika chumba kimoja na mume na watoto watatu, hata pa kutandika mkeka wa mgeni hapakuwapo. Kilichobaki ni kuuza nyumba, wapate pa kukaa karibu na hospitali.

Wakajitokeza wanunuzi wawili. Mmoja alikuwa jirani, mwenye ghala, ambaye hakuingia hata ndani. Alisimama barabarani, akatembea hatua kutoka kona ya ua hadi kona, akihesabu kwa midomo, maana alichotaka ni mahali pa kuegesha malori. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mchangamfu, na mumewe fundi umeme. Walikuja na watoto wao. Mtoto mkubwa alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akajilaza sakafuni mikono imetanuka, akatangaza kwamba hapa ni kwake na mtu asimsumbue. Mke wa Nyororo alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu apewe jina la ugonjwa wake.

Jioni hiyo wakakata shauri, nyumba ni ya mwalimu. Hata kama mwenye ghala angetoa zaidi, isingekuwa yake. Nyororo alimwambia mkewe kwamba kuondoka anaweza, kuzeekea penye kuta za mtu mwingine anaweza, ila nyumba ibaki imesimama na watu walale ndani yake. Hilo tu ndilo aliloomba. Mke akasema na yeye haombi lingine.

Mwalimu alikuwa akikopa benki, na benki haikutoa kitu mpaka mkaguzi wa majengo aipitie nyumba na kuandika ripoti. Wakapewa wiki mbili. Nyororo akaingia kazini kama aliyepata tenda ya ikulu. Alizibua mifereji ya bati, akatia mafuta bawaba, akabadilisha ubao wa dari uliokuwa umeoza, akasugua masizi ya jikoni mpaka ukuta ukarudia rangi yake. Mkewe alikaa kwenye kiti katikati ya sebule, miguu juu ya kigoda, akitoa amri kama msimamizi, na kila Nyororo alipomaliza kitu alimwita aje atoe hukumu. Zilikuwa siku nzuri, na ndiyo maana zinauma.

Siku ya tano alifika koridoni na nyundo na tindo.

"Vioo uviache," mkewe akamwambia kutoka sebuleni. Hakuhitaji kuona, alimsikia aliposimama.

"Mgeni akija utampokea na nguo yenye viraka?"

"Huyo si mgeni, Fundi. Ni mkaguzi."

"Ndiyo maana."

"Vimekaa hapo miaka yote hiyo. Viache vimwambie wenyewe."

Alimjibu kwamba hayo ni mambo ya ufundi, yeye apumzike. Mke akaliachia hapo. Alikuwa amechoka, kesho yake ilikuwa zamu ya hospitali, na mtu mwenye kichwa kigumu kama Nyororo hushindani naye mara mbili kwa siku moja.

Alivibandua vyote saba. Bonge la saruji ya miaka kumi na minne halitoki kwa kubembelezwa. Kila alipopiga tindo, kioo kilipasuka kabla bonge halijaachia. Hakulitilia maanani hilo. Alivitupa kwenye ndoo ya takataka pamoja na vumbi, akaiweka nje nyuma ya jiko. Akaupanua ufa, akausafisha, akaweka wavu wa waya, akapiga plasta tabaka la kwanza na la pili, akasawazisha, akapaka rangi. Siku nne. Kama kuna kazi aliyoifanya vizuri zaidi maishani mwake, sijaisikia. Alimshika mkewe mkono akamleta koridoni, akamwambia afumbe macho apapase. Mama wa watu alipapasa kutoka mlango wa jiko hadi mwisho, vidole havikupata mahali pa kukwama.

"Haya," akasema. "Umeshinda."

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumanne, mwanamke wa rika la binti yao, mabuti ya mpira, tochi kiunoni, nyundo ndogo mkononi. Alimwamkia Nyororo kwa heshima na kumwita baba. Alipanda darini, akatambaa, akashuka na utandabui kichwani. Akakagua mifereji, linta za juu ya milango, madirisha, sakafu. Aliweka pimamaji hapa na pale, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akasema nyumba hii imejengwa na mtu anayeijua kazi yake, na Nyororo, aliyekuwa akimfuata nyuma mikono mgongoni, akavimba kifua kama kijana aliyesifiwa mbele ya wakwe.

Wakafika koridoni, na mkaguzi akasimama.

Aliugonga ukuta kwa nyundo yake ndogo, akasogea, akagonga tena. Alitoa chombo kidogo cha kupima unyevu, chenye pini mbili, akakikandamiza ukutani, akasoma namba. Akarudi sebuleni, akatazama ukuta wa huko, mzee, safi, wenye rangi iliyofifia kwa heshima, kisha akaja tena koridoni. Nyumba nzima ilikuwa na umri wake. Ukuta huu peke yake ulikuwa wa wiki iliyopita, na kadiri ulivyokuwa mzuri ndivyo ulivyozidi kuuliza swali.

"Baba, hapa palikuwa na nini?"

Nyororo angeweza kudanganya. Hakuwa na mazoea hayo. Alimweleza yote, jiko, msingi wa wakati wa mvua, ufa, na kwamba ufa huo umelala miaka kumi na minne. Mkaguzi akamuuliza amejuaje kuwa umelala. Akamwambia aliuwekea vioo.

"Viko wapi?"

Alitoka mbio, mzee wa miaka sitini na saba, akarudi na ndoo. Aliimwaga juu ya gazeti pale koridoni. Mkaguzi akachuchumaa, akavigeuza vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Tarehe zilikuwa zinasomeka vizuri kwenye saruji. Aliviunganisha viwili, akaviacha. Nyororo alikuwa bado anahema, na alikuwa bado na tumaini, mpaka alipoona mkaguzi anavyomtazama.

"Baba, vyote vimevunjika."

"Nimevivunja mimi. Wiki iliyopita. Wakati wa kuvitoa."

Mkewe aliita kutoka kwenye kiti chake kwamba yeye amevipangusa kwa mkono wake miaka yote hiyo na vilikuwa vizima, aulizwe yeye, ataapa. Mkaguzi alikwenda akapiga goti karibu na kigoda chake. Alisema anawaamini wote wawili. Akasema kama angevikuta ukutani, vizima, na tarehe zake, angeandika mstari mmoja tu na kuondoka. Lakini ripoti ni ya kile alichokikuta, na amekuta ufa uliofunikwa upya na vioo vilivyopasuka. Njia iliyopo ni kuufungua ukuta, kuweka vioo vingine na kusubiri mwaka mzima, upite msimu wa mvua na wa jua.

"Mwaka," mke wa Nyororo akasema, kama mtu anayerudia jina la mahali asipopafahamu.

"Samahani, mama."

Ripoti ilisema ufa wa kimuundo, umefichwa hivi karibuni, mwendo wake haujulikani. Hakukuwa na uongo ndani yake. Benki ikafunga mlango. Mwalimu alikuja mwenyewe kuwapa habari, akalia pale getini akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mumewe alisimama kando akitazama chini, akauliza swali moja kwa sauti ya upole: mzee, kwa nini uliuficha? Nyororo aliona kwamba jibu lolote atakalolitoa litakuwa la mwizi aliyekamatwa. Miaka arobaini hajamwibia mtu hata mfuko wa saruji. Walipoondoka aliingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika tama mpaka chai yake ikapoa na kufanya utando.

Siku hiyo hiyo aliichimbua plasta yake. Kazi ya siku nne iliondoka kwa saa mbili. Akakata vioo saba vipya, akavifunga juu ya ufa ule ule, akachora tarehe. Tarehe zote zilikuwa za siku hiyo moja, wala hakuna tindo wala ufundi wa kuzirudisha nyuma. Kila asubuhi alikwenda kuvitazama. Vilikuwa vizima, bila shaka. Vingekuwa vizima hata mwakani.

Mkewe alisema watasubiri. Alisema amekwishazoea basi, na kiti cha nyuma ya dereva si kibaya. Aliyasema hayo kwa sauti iliyonyooka, naye Nyororo akajifanya anayaamini, kwa sababu alitaka sana kuyaamini. Aliwaza namna watakavyomwita mkaguzi tena, namna mwalimu atakavyorudi na watoto. Mwezi mmoja ukapita hivyo.

Alhamisi moja walirudi kutoka hospitali, na mkewe hakuweza kupanda ngazi ya mlangoni. Ni ngazi moja tu. Alisimama mbele yake akaitazama, akacheka kidogo kwa aibu, miguu ikamwishia nguvu. Nyororo alimdaka na kumbeba. Alijikaza apate kumbeba mwanamke aliyemfahamu, na hakukuwa na haja ya kujikaza, alikuwa mwepesi mno, karibu amwinue kupita kiasi. Alimlaza kitandani, akatoka uani, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Asubuhi yake alikwenda kwa mwenye ghala. Huyo alimkaribisha kwa adabu, akamwagizia chai, akamuuliza hali ya mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa nafuu kwa Nyororo kama angekuwa. Alipomtajia habari za ufa na ripoti, maana hakutaka tena kuitwa mtu wa kuficha, mwenye ghala alipunga mkono.

"Hilo lisikusumbue, mzee wangu. Mimi sinunui kuta."

Kwenye karatasi waliyotia saini, karani aliandika kiwanja. Nyororo alisoma chini na juu akitafuta neno nyumba. Halikuwapo.

Walipewa siku kumi za kuhama. Mwenye ghala aliwaambia wachukue wanachotaka, milango, madirisha, hata mabati. Nyororo hakuchukua kitu. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya hospitali pia, na gari la mizigo lilikuwa limekwishapakiwa vitanda na masufuria. Wabomoaji walifika mapema kuliko walivyoahidi. Waliomba radhi, wakauliza kama wanaweza kuanzia jikoni wakati wenyewe wanamalizia. Nyororo akasema waanze. Misumari ya mabati ikaanza kung'olewa, mmoja mmoja, ikilia, na kwa kila msumari Nyororo aliikumbuka siku aliyoupigilia.

Aliingia chumbani. Mkewe alikuwa ameketi juu ya sanduku la nguo, amevaa gauni la safari, viatu viko kando ya miguu yake. Chumba kilikuwa kitupu na sauti zilikuwa zinarudi. Nyororo alisimama mbele yake. Tangu siku ya mkaguzi mwanamke huyu hakuwahi kumwambia nilikwambia. Hata kwa jicho. Alikuwa amemngoja aseme, usiku na mchana, na sasa hakuweza kungoja tena.

"Mama watoto," akasema, "nyumba hii nimeivunja mimi."

Alitaka aambiwe hapana. Alitaka aambiwe ni benki, ni maradhi, ni mipango ya Mungu, ni mwenye ghala na malori yake. Angelipokea lolote katika hayo. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote mkewe hakukosa neno la kumwinulia moyo.

"Najua, Fundi," mkewe akasema.

Bati la kwanza likaanguka uani. Mkewe akanyoosha mguu wa kushoto.

"Nivalishe viatu. Tutachelewa."

Nyororo akapiga magoti. Mguu ulikuwa umevimba na kiatu kilikataa kuingia. Alijaribu kwa taratibu, akajaribu tena, kisha akatoa kisu mfukoni, akakipasua kiatu kwa nyuma, akamvalisha, akamwinua, wakatoka.